Minada ya mtandaoni: gunia moja bovu hushusha dau la ghala zima

Mnunuzi wa kakao anayekaa mbele ya kompyuta siku ya mnada haoni gunia. Anachokiona ni mstari mmoja wa maandishi: jina la chama cha msingi, jina la ghala, idadi ya kilo, daraja na unyevu. Kwa mstari huo anatakiwa kuamua katika muda mfupi kama ataweka mamilioni yake au ataacha. Iwapo maandishi yale ni ya kweli, biashara inakwenda. Iwapo si ya kweli, hasara ya mnada wa kwanza ni ya mnunuzi, lakini ya minada inayofuata hulipwa na mkulima.

Hilo ni jambo ambalo wauzaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini hawajalipima sawasawa tangu minada ya mazao ilipoanza kuhama kutoka kwenye sanduku la barua za zabuni na kuingia kwenye mtandao. Malalamiko ya wanunuzi yamezoeleka kuchukuliwa kama kelele za watu wanaotafuta bei ya kutupa. Baadhi ni kelele kweli. Mengine ni taarifa ya soko, tena ya mapema kuliko ile inayobandikwa ukutani, na anayeipuuza huikuta katika dau la mnada unaofuata.

Somo hili linawafaa zaidi wenye mitaji midogo, kwa sababu kampuni kubwa ya kusafirisha nje ina mtu wake ghalani na maabara yake bandarini. Mfanyabiashara wa Mwanjelwa au wa Mafinga aliyeungana na wenzake wawili kununua shehena moja hana vitu hivyo. Yeye ana simu, kompyuta na mstari ule wa maandishi.

Mnada ulivyohama

Msingi wa mfumo unaotumika nchini ni Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka mazao yake katika chama cha msingi (AMCOS), chama huyapeleka ghala kuu lenye leseni, mwenye ghala hutoa stakabadhi, na kinachouzwa mnadani ni ile stakabadhi. Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei zao kwenye karatasi, wakazitia katika sanduku, kisha zikafunguliwa mbele ya wakulima. Baada ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) kuzinduliwa mwaka 2015, mazao yamekuwa yakihamishiwa katika mnada wa kompyuta moja baada ya jingine: ufuta, korosho, mbaazi, na kwa wakazi wa Kyela, Rungwe na Busokelo mkoani Mbeya, kakao.

Chai ina historia yake. Kwa miongo mingi chai ya Mufindi mkoani Iringa na ya Rungwe mkoani Mbeya iliuzwa katika mnada wa Mombasa, ambao mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, uliacha nyundo na kuingia katika kompyuta. Novemba 2023 Tanzania ilianzisha mnada wake wa chai jijini Dar es Salaam. Wazee wa biashara hiyo watakumbuka kwamba mnada wa London, uliokuwa ukipanga bei za dunia tangu mwaka 1679, ulifungwa tarehe 29 Juni 1998, na biashara ikahamia karibu na mashamba. Sasa imehama tena, safari hii kwenda mahali pasipo na ukumbi.

Faida za kuhama huko zinaonekana. Mnunuzi hahitaji kusafiri hadi Kyela kuweka bei, dau linaonekana wazi, na ni vigumu zaidi kwa wanunuzi watatu kupatana chini ya mti kabla sanduku halijafunguliwa. Lakini katika mnada wa zamani aliyefika Kyela kuweka barua aliweza pia kupita ghalani, akachoma bambo katika gunia, akanusa na kutafuna punje. Safari ilipoondolewa, na pua nayo imeondolewa. Hapo ndipo malalamiko yalipoanzia.

Hesabu ya unyevu

Lalamiko kubwa la mnunuzi wa kakao ni maji. Punje za kakao zikitolewa katika tunda huwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Zinatakiwa kuvundikwa siku tano hadi saba, zikigeuzwa, kisha kuanikwa juani hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia 7.5. Zaidi ya asilimia 8, ukungu huanza kujitengenezea makazi, hasa katika mzigo utakaokaa wiki kadhaa ndani ya kontena.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wafanyabiashara watatu wa Mbeya wamenunua tani 20 kwa Sh. 10,000 kwa kilo, yaani Sh. milioni 200, wakitegemea kuuza Dar es Salaam kwa Sh. 10,500. Kwenye karatasi faida kabla ya gharama ni Sh. milioni 10. Karatasi ilisema unyevu asilimia 7.5, lakini mzigo ulikuwa na asilimia 10. Katika kilo 20,000, kakao kavu kabisa ni kilo 18,000. Mzigo huo ukianikwa upya hadi asilimia 7.5, uzito wake utakuwa kilo 19,459. Zimepotea kilo 541, na wala hakuna mwizi aliyeingia ghalani. Wakiuza kwa Sh. 10,500 watapata Sh. 204,319,500. Faida ya milioni 10 imekuwa Sh. milioni 4 na kidogo, na humo bado hawajalipa lori, wapakiaji, kuanika upya wala magunia. Wakimaliza kulipa, wamefanya kazi ya bure.

Sasa itazamwe hesabu ya upande wa pili. Mkulima aliyepeleka kakao yenye asilimia 10 badala ya 7.5 aliuza maji kwa bei ya kakao, na kwa kila kilo aliyopimiwa alijipatia kama Sh. 270 asizostahili. Katika mnada unaofuata wale watatu, na wengine waliosikia habari zao, hawashushi Sh. 270. Wanashusha Sh. 400, kwa sababu hawajui kama safari hii unyevu utakuwa asilimia 10 au 12, na wasiwasi una bei yake. Chama chenye tani 20 kinapoteza Sh. milioni 8 kwa mnada mmoja. Mkulima wa kilo 300, aliyevundika siku sita na kuanika kwenye kichanja kama alivyofundishwa, anapoteza Sh. 120,000 kwa kosa la jirani yake.

Unyevu ni tatizo la kwanza tu. Zipo punje zilizovundikwa nusunusu. Kipimo chake ni kuchukua punje 300, kuzikata kwa urefu na kutazama ndani: iliyovunda vizuri huwa na rangi ya kahawia na mikunjo, ambayo haikuvunda huwa ngumu na ya kijivu kama bamba la jiwe. Punje hizo nyingi hutokana na ununuzi wa kakao mbichi shambani, ule ambao watu wa Kyela wanauita njemke. Mwenye shida ya ada ya shule huuza kakao ikiwa bado mbichi kwa mchuuzi, mchuuzi huivundika haraka haraka ili pesa yake izunguke, kisha huipenyeza katika mfumo halali kwa jina la mkulima. Serikali imekuwa ikipiga vita njemke kwa sababu mkulima anapunjwa. Hasara yake kwa sifa ya ghala zima haizungumzwi sana.

Wakati wa neema haya yote yalifichika. Bei ya kakao duniani ilipopita dola 12,000 kwa tani katika soko la New York mwezi Desemba 2024, mnunuzi alikuwa tayari kumeza kasoro yoyote ilimradi apate mzigo. Mwaka 2025 bei zilianguka, na mwishoni mwake zilikuwa karibu nusu ya hizo. Soko likishuka mnunuzi huanza kuchagua, na anayechagua hukumbuka. Vyama vilivyodhani kwamba bei kubwa ya 2024 ilikuwa tuzo ya ubora wao vilijidanganya.

Lalamiko lisilo na anwani

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mnunuzi asimwendee aliyemuuzia akadai haki yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko upande wake: mzigo uliouzwa kwa maelezo unapaswa kulingana na maelezo, na uliouzwa kwa sampuli unapaswa kulingana na sampuli, na mnunuzi apewe nafasi ya kuulinganisha.

Tatizo ni kumpata huyo muuzaji. Shehena ya tani 20 huwa imetoka kwa wakulima wengi. Mkulima atasema alipeleka kakao kavu, ikapimwa na kupokelewa. Karani wa chama atasema magunia yalikaa siku nyingi kwenye godauni la kijiji, lenye bati linalovuja, yakisubiri lori. Mwenye ghala kuu atasema alipima sampuli kama taratibu zinavyotaka. Ukifuatilia sana utakuta sampuli ilichukuliwa katika midomo ya magunia ya safu ya mbele, ambayo ndiyo yaliyokauka. Kila mmoja ana karatasi yake, na karatasi zote zina muhuri.

Lipo na jambo jingine ambalo wanunuzi hulitaja wakiwa peke yao. Anayehitaji mzigo wa wiki ijayo huogopa kulalamika wiki hii. Ataonekana msumbufu, lori lake litapangwa mwisho kupakia. Kwa hiyo hukaa kimya, na hasira yake huiweka mahali pekee pasipo na ushahidi: katika dau. Wakulima wanaona bei imeshuka, wanaambiwa ni soko la dunia, na wanaamini.

Mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1970 akitumia mfano wa magari yaliyotumika, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima huona bei hiyo haimlipi, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu, na bei inashuka tena. Mkulima wa Kyela hawezi kuondoa kakao yake sokoni, kwa sababu haliwi nyumbani kama mahindi. Anachoweza kuondoa ni kazi. Akiona aliyevundika siku mbili analipwa sawa na aliyevundika siku sita, msimu ujao naye atavundika siku mbili.

Mombasa walivyofanya

Chai inaonyesha njia tofauti. Katika mnada wa Mombasa kila fungu la chai huuzwa kwa jina la kiwanda kilichoitengeneza. Kabla ya siku ya mnada madalali hutoa katalogi na kugawa sampuli kwa wanunuzi, na kila mnunuzi ana mwonjaji wake anayepanga vikombe kwenye meza ndefu, anavuta funda, analizungusha mdomoni na kulitema. Mnada ulipoingia kwenye kompyuta, kuonja hakukufutwa. Dau liliingia mtandaoni, ulimi ukabaki mezani.

Kwa sababu jina la kiwanda limeandikwa, lalamiko linapata anwani. Kiwanda kikituma chai yenye nyuzi au iliyopata unyevu, wiki mbili baadaye bei ya jina hilo peke yake inashuka, na meneja wake anaulizwa. Kwa sababu hiyo viwanda viwili vilivyo mlima mmoja vinaweza kupishana bei kwa kiasi kikubwa. Chai ya Tanzania kwa jumla imekuwa ikipata bei ya chini ya ile ya Kenya na Rwanda kwa miaka mingi, na sehemu ya maelezo iko shambani: majani mawili na chipukizi ndiyo yanayotakiwa, na mchumaji anayelipwa kwa kilo hushawishika kuongeza la tatu na la nne. Sehemu nyingine iko barabarani. Kutoka Mufindi hadi Mombasa ni safari ndefu, na kutoka viwanda vya Katumba na Mwakaleli ni mbali zaidi. Chai iliyokaa njiani na ghalani pwani, penye hewa ya chumvi na unyevu, si ile iliyotoka kiwandani. Mnada wa Dar es Salaam umefupisha safari hiyo. Utamfaidi mkulima iwapo wanunuzi wa kutosha watauhudhuria, na wanunuzi huenda mahali ambapo maneno ya katalogi yamethibitika kuwa kweli.

Hata Mombasa wamewahi kuwakasirisha wanunuzi wao kwa njia nyingine. Julai 2021 chai ya wakulima wadogo wa Kenya iliwekewa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na mwanzoni bei zilipanda. Lakini wanunuzi waliona kwamba chai dhaifu na chai nzuri zote zimepandishwa hadi kizingiti kilekile. Wakanunua nzuri, nyingine wakaiacha. Fungu lisilouzwa lilirudishwa katika katalogi wiki baada ya wiki, likizeeka, na maghala yakajaa. Mwaka 2024 bei hiyo iliondolewa.

Kwetu jambo linalofanana na hilo ni haki ya wakulima kukataa bei baada ya madau kufunguliwa. Ni haki, na hakuna anayetaka iondolewe. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa kusini walikataa bei za mnada, na mwezi uliofuata Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh. 3,300 kwa kilo. Ila mwenye mtaji mdogo aelewe gharama yake. Fedha aliyoikopa ili kusubiri mnada hutozwa riba hata dau linapokataliwa. Mwenye mamilioni ya kukopa kwa riba ya mwezi hawezi kuvumilia kukataliwa mara tatu. Atahamia biashara nyingine, na mnada utabaki na wakubwa wachache. Chama kinachotangaza mapema, kabla ya mnada, bei ambayo hakitashuka chini yake hakipotezi kitu, na kinamwokolea mnunuzi muda.

Haki idai pia kusema kwamba wanunuzi nao si malaika. Wapo wanaoshinda dau kisha hawalipi kwa wakati, wakisubiri kuona kama bei ya dunia itapanda. Wapo wanaochelewa kutoa mzigo ghalani kisha wakalalamika kwamba umepata ukungu. Mzigo ulioachwa wiki sita kwa uzembe wa mnunuzi hauwezi kuhesabiwa kosa la chama.

Marekani na Japani

Mnada mkubwa wa mtandaoni wa watu wa kawaida, eBay, ulianzishwa Marekani na Pierre Omidyar Septemba 1995. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga iliyoharibika, kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu; yule akajibu kwamba anakusanya kalamu mbovu. Mwanzo huo ulikuwa mzuri, maana muuzaji alisema ukweli kabla ya kulipwa. Wauzaji wote waliofuata hawakuwa hivyo, na Februari 1996 kampuni iliweka utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kuandikiana sifa hadharani.

Utaratibu huo ulifanya kazi, kisha ukapata kasoro ambayo watu wa Kyela wataitambua. Mnunuzi aliyeandika kwamba ameuziwa kitu kibovu alijibiwa na muuzaji kwa kuandikwa kuwa msumbufu. Watu wakaogopa kusema kweli, na sifa za wauzaji zikawa nzuri mno kuaminika. Mwaka 2008 eBay iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuandika sifa mbaya za wanunuzi. Wauzaji walipiga kelele sana. Lakini kampuni ilikwisha kuona kwamba mnunuzi anayeogopa kulalamika halalamiki, anaondoka.

Japani walichagua jambo jingine. Wafanyabiashara wengi wa Mbeya na Iringa wanalijua bila kulitambua, kwa sababu Canter na Noah wanazoagiza hutoka mara nyingi katika minada ya huko. Gari likiingia mnadani hukaguliwa na mkaguzi wa kampuni ya mnada, si wa mwenye gari. Huandika karatasi yenye daraja, kilomita na mchoro wa gari uliojaa herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa. Daraja la R huwa gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Wanunuzi huamini karatasi hiyo kuliko picha, na huweka madau bila kuligusa gari.

Malalamiko ya wanunuzi wetu juu ya magari hayatokani sana na mnada wenyewe. Yanatokana na mtu wa katikati anayelinunua mnadani, kisha kuliuza mtandaoni kwa picha tu, karatasi ya mkaguzi ikiwa imebaki kwenye saraka yake. Mteja analipokea Dar es Salaam, anaendesha kupita Kitonga, na kufika Mbeya injini imekwisha kumweleza yale ambayo karatasi ingemweleza. Anayeagiza gari aombe karatasi ya asili ya mnada na alinganishe namba ya chesisi kabla ya kutuma fedha. Muuzaji anayesema karatasi imepotea amekwisha kujibu swali.

Mwenye mtaji mdogo aanzie wapi

Katika minada ya mazao yetu mkaguzi aliye huru kama yule wa Japani bado hajazoeleka, na sifa za wauzaji haziandikwi hadharani kama eBay. Kinachopatikana ni jina la chama na jina la ghala, na kwa sasa mnunuzi makini hutumia hivyo. Ananunua daftari la Sh. 2,000 na kuandika kila shehena aliyonunua au aliyosikia imenunuliwa na mwenzake: chama, ghala, unyevu ulioandikwa, unyevu uliokutwa, kilo zilizoandikwa, kilo zilizopimwa. Baada ya msimu mmoja daftari hilo linaonyesha mambo ambayo kompyuta ya mnada haionyeshi. Mara nyingi litaonyesha kwamba kasoro hazikusambaa sawasawa. Zinajirudia katika ghala moja au mbili, na vyama vilivyobaki vimekuwa vikipunguziwa bei bila hatia. Huko kwa wasio na hatia ndiko penye faida, kwa sababu mnunuzi mwenye daftari anaweza kuwapandia dau kwa Sh. 100 wakati wengine wote wanashusha kwa woga.

Kabla ya mnada, watatu walioungana wamtume mmoja ghalani. Nauli ya Mbeya hadi Kyela haifikii hasara ya gunia moja. Achome bambo katika magunia ya nyuma na ya chini, si yale ya mlangoni, na awe na kipima unyevu chake, kwa kuwa bei yake ni ndogo ukilinganisha na zile zaidi ya Sh. milioni 5 zilizoyeyuka katika mfano wa hapo juu. Akikataliwa kuingia, hilo nalo liandikwe katika daftari.

Baada ya kushinda, mzigo upimwe upya wakati wa kupakia, mbele ya mtu wa ghala na mtu wa chama. Tofauti ikionekana hapo, inaandikwa na kusainiwa kabla lori halijawashwa. Mzigo uliokwisha kusainiwa na kutoka langoni ni vigumu mno kuudai, hata kama sheria inakupa haki, kwa sababu kila mtu atasema uliharibika njiani. Sampuli mbili za kilo moja moja zitolewe katika magunia yaliyochanganywa, zitiwe lakiri, moja ibaki ghalani, moja isafiri na mzigo.

Vyama vya msingi vinavyotaka kutoka katika bei ya pamoja vina njia isiyohitaji ruhusa ya mtu: kutenganisha. Kakao iliyovundikwa siku zote zinazotakiwa na kukauka iwekwe katika shehena yake, hata ikiwa ni tani tano tu, na iliyosalia iwekwe peke yake na kuandikwa ilivyo. Viongozi wengi huogopa kwamba shehena dhaifu itapata bei ya aibu na wenyewe watagomba. Watagomba, hasa katika mnada wa kwanza. Tani tano zile zikilipwa vizuri, katika mkutano mkuu unaofuata wenye kakao dhaifu ndio watakaouliza vichanja vinatengenezwaje, na karani atahitaji kitabu cha pili cha kupokelea, chenye safu ya unyevu wa kila mkulima kwa jina lake.